Nazi Moja kwa Kila Mnazi

Shule niliiacha kwa sababu ya mbuzi. Wenzangu waliiacha kwa uvivu, wengine kwa fimbo za mwalimu, mie kwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe hata hakuwa wangu. Alikuwa wa bibi yangu mzaa mama, kule Mtoni, jike jeusi lenye sikio moja lililochanika. Bibi alikuwa amesema watoto wa huyo mbuzi ndio watakaouzwa nilipiwe ada. Nilikuwa nimeshafika kwenye herufi za kuunganisha. Basi siku moja mbuzi kajilaza kivulini kwa jirani, anacheua zake, nazi ikakatika juu ikamshukia kichwani. Hakulia hata mee. Na kwa kuwa alikufa bila kuchinjwa, hata nyama hatukuila. Alifukiwa yeye, na mimba yake, na shule yangu.

Bibi hakukubali. Alijifunga kanga kiunoni akaenda kwa jumbe kudai mbuzi wake. Jirani akasema, "Bibi, kwani mie nimeutuma mnazi?" Watu wakacheka. Bibi akamjibu, "Hukuutuma, ila nazi zako zimekauka juu tangu mfungo, na mkwezi hutaki kumwita kwa choyo cha nazi moja." Hapo kicheko kikakatika, maana ilikuwa kweli. Kwetu mkwezi hakulipwa pesa. Alichukua nazi moja kwa kila mnazi aliopanda, ndiyo desturi waliyoikuta babu zetu, na walikuwapo mabahili walioona heri nazi zianguke zenyewe kuliko kuitoa ile moja. Jumbe akaamua jirani alipe nusu ya mbuzi. Nusu ya mbuzi aliyekufa ni kitu gani sijui mpaka leo. Bibi aliletewa majogoo mawili na kapu la muhogo, mambo yakaisha. Lakini tangu siku ile watu wa upande ule waliogopa, wakawa wanaita mkwezi mapema.

Nimeanza na mbuzi kwa ajili ya hiyo nazi moja. Nitaifikia.

Nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi mjini, utarishi katika ofisi ya serikali. Hii ni baada ya vita ya pili, nguo bado ni za kutafuta. Mie nilipewa kaptula ya kaki, shati la vifungo vya shaba na mkoba wa ngozi wa kutilia barua. Viatu nilijinunulia. Kila asubuhi nilitoka Temeke nimevishika mkononi nisivichakaze njiani, na nikikaribia mjini naifuta miguu kwa jani la mgomba, ndipo navaa. Jioni navivua pale pale. Ila nikifika karibu na kwetu navivaa tena, watu wanione. Wazee walikuwa wananiambia, "Karibu, bwana mkubwa," nami naitikia kwa sauti ya pua.

Na ule ubwana mkubwa, nausema leo kwa kuwa wa kunicheka wengi wameshatangulia, ulikuwa unaishi kwa vitumbua. Mshahara wangu ulikatika kabla mwezi haujafika kati. Nilipanga vyumba viwili, kimoja changu, kingine cha dada yangu anayenifuata, aliyekuwa ameachika akarudi kwangu kwa sababu baba alishafariki na mie ndiye niliyebaki walii wake. Alikuwa anapika vitumbua, anawauzia wafanyakazi waliopita kwenda Chang'ombe. Asubuhi nakula vitumbua, jioni nakula alichonunua kwa vitumbua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Nikimwambia pumzika, ananiambia, "Nikipumzika mie, kaka, wewe utakula vifungo?"

Mkwezi wa mtaa wetu alikuwa mtu wa kusini, mrefu, mkimya wa kukera. Kaptula yake ilikuwa na viraka juu ya viraka, hujui kitambaa cha kwanza kilikuwa cha rangi gani. Nyayo zake zilikuwa na sugu kama magome. Kamba begani, panga kiunoni. Kabla hajapanda alikuwa anapaza sauti, "Mkwezi juuu! Wa uani jisitirini!" Hiyo nayo ni desturi, kwa sababu aliye juu ya mnazi anaona nyua zote, na bafu zetu hazikuwa na paa. Wanawake wanamjibu, "Panda, baba, ila usituhesabie vyungu!" Naye kutoka juu, "Vyungu nimeviona, mchuzi ndio sijauona!"

Mie maneno hayo hayakunichekesha. Nilikuwa nikimtazama pale juu, kichwa kinageuka huku, kinageuka huku, nasema moyoni, huyu anajua nani ana godoro, nani kaanika nguo mpya, nani katoka kaacha mlango wazi. Mtu anayeona vya watu wote, na mwenyewe hana kitu.

Dada alinunua nazi zake kwake. Nikaona siku hizo anafuliwa bure, mkwezi amechomeka uani kwetu kifuo, ule mti wenye ncha wa kuvulia makumbi, anafua nazi za vitumbua huku wanazungumza taratibu, nikikohoa wananyamaza. Haikupita miezi, akaja mzee kinyozi, ndiye mshenga, na barua iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Nani? Yule wa kamba?" nikamuuliza.

"Yule yule."

"Atamlisha nini dada yangu?"

Mzee akaitazama sahani ya vitumbua mbele yangu. "Kwani sasa analishwa na nani?"

Nilihisi damu imenipanda. Kumkataa mposaji waziwazi niliona aibu, maana kosa lake sikuliona. Na la ndani kabisa ni kwamba dada akiolewa, mie ningekula nini? Basi nikatafuta njia ya mtu mwenye akili ndogo. Nikasema, "Sawa. Mahari ni cherehani. Kipya. Si kikuukuu cha kupakwa mafuta." Zamani hizo cherehani kwa mtu mweusi kilikuwa kama motokaa. Mie na mkoba wangu wa ngozi nisingekipata mpaka naingia kaburini.

Mzee akaondoka. Dada alikuwa amesikia kila kitu nyuma ya pazia. Akaniambia, "Kaka, ungesema tu hapana. Hapana ni neno fupi."

Wiki tatu hazikutimia. Nimekaa barazani Jumamosi mchana, namwona mkwezi anakuja na kaptula yake ya viraka, sanduku kichwani. Akalitua mbele yangu polepole. Akafungua. Cherehani cha mkono, cheusi, kina maua ya dhahabu ubavuni, hata vumbi hakina.

"Shemeji," akasema, "ndicho?"

Nikasema ndicho. Niseme nini? Ndoa ikapangwa Ijumaa ya pili yake. Dada alikifunika kwa kanga, akawa anakifunua kila saa, anazungusha gurudumu bila uzi, anasikiliza tu mlio. Vitumbua siku hizo viliungua mara kwa mara.

Mie usingizi ulinitoka. Mkwezi kapata wapi? Mkwezi! Hata karani wetu mkuu pale ofisini, mwenye saa ya mfukoni, cherehani cha mkewe alikilipia kidogo kidogo mwaka mzima. Jumapili ya kabla ya ndoa, kazi hakuna, nikamfuata. Nilimwachia nafasi, namfuata kwa mbali kupitia mashamba, mpaka Kiwalani, na siku hizo Kiwalani ilikuwa minazi na mihogo tu. Akaingia kwenye ua wa makuti uliozungushwa mrefu kupita kimo cha mtu. Ndani moshi unatoka, na hakuna harufu ya chakula. Nikajificha kwenye mihogo. Baada ya muda ikaja gari ya mizigo ya Mhindi mmoja, vibarua wakaanza kutoa uani magunia mazito, mshono umefungwa, wanayarusha garini wawili wawili. Mkwezi amesimama na Mhindi, wanazungumza kama watu wanaojuana. Mkwezi huyo huyo anayetuitikia "ndiyo, bwana" chini ya minazi yetu!

Ningetoka pale nikauliza. Hatua ishirini tu. Sikuuliza. Nilirudi nimejaa shaka.

Nilimweleza mama mwenye nyumba, na huyo mama, Mungu amrehemu, ukimpa uzi alikuwa anakurudishia kanzu. Akashika kidevu. "Moshi usio na chakula? Magunia yaliyoshonwa? Mwanangu, huyo kama si mumiani ni mwizi." Mumiani nilimkataa, damu za watu hazitiwi kwenye magunia. Mwizi ndiye aliyeniingia. Akaongeza, "Na yule fundi wa Chang'ombe si kaibiwa cherehani barazani kwake mwezi huu huu? Pale pembeni pana minazi mingapi?"

Pana minazi minne. Na mkwezi alikuwa juu yake, nilimwona kwa macho yangu.

Jumatano nilitoka kazini mapema, nikamchukua fundi, tukaenda kwa jumbe. Jumbe huyu si yule wa mbuzi, yule alishakufa. Jumbe akasema, "Una hakika?" Nikasema, "Bwana jumbe, mtu hapati cherehani kwa kupanda miti." Akavaa kofia yake.

Sasa sikilizeni kosa langu. Njiani sikufikiria mkwezi siku ile yuko wapi. Alikuwa kwetu. Alikuwa juu ya mnazi wa nyuma ya nyumba, anaangua nazi za wali wa harusi yake mwenyewe. Tunaingia njia ya kwetu, mie mbele na viatu vyangu, jumbe nyuma, fundi nyuma ya jumbe, na watu wanaopenda mambo wameshaongezeka nyuma ya fundi, nikasikia nazi zimeacha kuanguka. Nikatazama juu. Ametulia, mkono mmoja kwenye kole la nazi, anatutazama. Kutoka kule nadhani alituona tangu tunatoka kwa jumbe.

Akashuka. Hakuharakisha. Alipofika chini jumbe akamwambia linalosemwa. Akamtazama dada, na dada akaingia ndani akatoka na cherehani, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa.

Fundi akakizunguka mara moja tu. Akanigeukia mie.

"Bwana, changu kilikuwa cha kukanyaga. Kina meza na miguu ya chuma. Hiki cha mkono."

"Hukuniambia," nikasema.

"Hukuniuliza. Ulinivuta mkono tu."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Tarishi kapeleka barua kusiko!" wakaangua kicheko. Ningeweza kunyamaza hapo, nikaomba radhi, yakaisha. Lakini kicheko kilinichoma, nikapiga kelele, "Haya, si cha fundi! Basi atuambie hapa mbele ya jumbe, fedha kapata wapi? Na magunia ya Kiwalani ni ya nini?"

Mkwezi akainama akaokota nazi moja kwenye lundo.

"Hii," akasema. "Nazi moja kwa kila mnazi. Si ndiyo mnayonipa? Minazi mnayoniitia inaanzia hapa mpaka Mtoni, mpaka kule Kiwalani. Nikimaliza wa mwisho, nazi za wa kwanza zimeshakomaa tena. Moja moja yenu naipasua, naikausha kwa moto wa vifuu, inakuwa mbata, Mhindi anaichukua kwa mafuta ya sabuni. Tangu vita bei ya mbata imepanda. Desturi yenu imebaki pale pale. Sikuificha. Hakuna aliyeniuliza."

Jumbe akakohoa. Yeye mwenyewe alikuwa na minazi zaidi ya arobaini, nikaona midomo yake inacheza, anapiga hesabu ya miaka. Wengine nao hivyo hivyo, kila mtu na shamba lake kichwani. Nami nikakumbuka bibi, na jirani, na choyo cha nazi moja, na jinsi tulivyomcheka yule jirani miaka yote.

"Shemeji," nikasema, "tumekosea. Ijumaa iko pale pale."

Akaanza kuizungusha kamba yake, duara juu ya duara, kama anavyofanya siku zote akimaliza kazi.

Dada akasema, "Mie sijasema neno."

"Najua," akamjibu, sauti ya chini. "Wewe hujasema. Lakini nimewaona wote wanakuja, na hakuna aliyesimama njiani akawaambia warudi. Watoto wetu wataitwaje hapa? Leo ni cherehani, kesho kuku wa mtu, kesho kutwa godoro la mtu. Na mie kila siku niko juu, naona vya watu."

"Tukae kwingine."

Mikono ikasimama kwenye kamba, nikadhani atakubali. Kisha akanitazama mie, si dada. "Bwana tarishi, walii ni wewe. Ungesema tu hapana."

Akatia kamba begani, panga kiunoni. Cherehani hakukigusa. Ile nazi aliyoiokota akairudisha juu ya lundo, nazi yake halali ya mnazi ule, akaiweka taratibu isibingirike. Watu wakampisha. Alishika njia ya Mtoni na ile kaptula yake ya viraka, nyayo hazina haraka, na dada akatoka mpaka barazani, akashika nguzo. Alipofika kwenye minazi ya kona tukamwona amepita chini yake bila kuitazama juu, akakata kona, na hakurudi tena.