Lenah na Tetemeko la Sekunde Sita

Saa saba na robo mchana, king'ora cha chakula kimeshalia katika kiwanda kimoja cha biskuti jijini Nairobi. Wafanyakazi wanagombania kivuli. Lenah Ayuma ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, githeri yake ya mahindi na maharagwe inapoa mapajani, macho kwenye simu. Anasoma makala moja kwa mara ya tisa na bado hajui aifute au aiache.

"Nimechanganyikiwa, kusema ukweli," anasema. "Kichwa kinasema futa. Roho inasema ngoja kwanza."

Lenah, 36, mkazi wa mtaa wa Tena, hupakia biskuti kwa Sh700 kwa siku. Kazi yake ya pili haina hata senti: ni mhakiki wa kujitolea wa ensaiklopidia moja ya Kiswahili ya mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuiandikia. Yeye na wenzake wachache ndio huamua makala ipi ibaki na ipi iondolewe. Ameshafuta wanamuziki waliojiandikia sifa, na mgombea mmoja wa wadi aliyejiita mkombozi wa taifa. Hao hawakumkosesha usingizi.

Hili la sasa limemkaba. Mwezi uliopita ardhi ilitikisika kwa sekunde sita jijini, hasa mtaa wa Majengo. Hakuna aliyekufa, hakuna nyumba iliyoanguka. Wiki hiyohiyo ikatokea makala fupi yenye kichwa "Tetemeko la Majengo". Uamuzi unatakiwa kufikia kesho, Ijumaa.

Taabu ya kwanza ni kwamba yeye mwenyewe hakulisikia. "Hapa sakafu hutikisika kutwa nzima kwa sababu ya mashine," anasema akicheka. "Dunia ingepasuka, sisi tungeendelea tu kupaki biskuti."

Taabu ya pili ni kanuni. Tukio likitaka ukurasa wake, sharti liwe limeelezwa kwa kina na mtu asiyehusika: gazeti, kitabu au utafiti. Lenah alipekuapekua akaambulia mstari mmoja katika orodha ya wanajiolojia, wenye kipimo cha 3.4. Basi.

Jumapili, baada ya ibada, alifunga safari hadi Majengo kumtafuta aliyeandika makala hiyo. Alimkuta Mumina Hirad, muuza vyombo, katika duka lenye rafu moja tupu. Glasi zote za rafu hiyo zilivunjika siku ile. Shemeji yake, Wehliye, ambaye ni mshirika wake katika biashara, alikuwa mtaa wa Komarock siku hiyo na hakusikia kitu. Tangu hapo husema Mumina ni mzembe anayeisingizia ardhi.

"Sitaki umaarufu, dada yangu," Mumina alimwambia. "Nataka tu pawe mahali pameandikwa kwamba ilitokea. Shemeji akinitazama, anaona muongo. Wajua kuishi hivyo?"

Lenah aliondoka akiwa na uchungu. Kabla ya kuondoka alimweleza kwamba mjadala wa kuifuta au kuiacha makala uko wazi, mtu yeyote anaweza kutoa maoni. Mumina naye, kwa nia njema, akapeleka habari kwenye kundi la mtaa.

Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, inajua kupiga kura. Kufikia jioni watu arobaini na watatu walikuwa wamefungua akaunti na kuandika neno lilelile: "Ibaki." Mmoja wao, Abdifatah, aliongeza, "Ibaki, ama tukuje huko." Mwingine, Maingi, aliuliza, "Nishavote. Soda iko wapi?"

"Sisi hatuhesabu kura, tunapima hoja," anasema Lenah akishika kichwa. "Mhakiki mwenzangu, Nthoki, aliona akaunti mpya zimejaa akasema huu ni wizi mtupu. Walitaka kumsaidia Mumina, wakamchimbia shimo."

Hapo anamtazama mwandishi wa gazeti hili kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

"Na wewe, hii story itatoka kwa gazeti?"

Anajibiwa kwamba itatoka.

"Ai! Si umeniharibia kila kitu! Ikitoka, tetemeko limepata gazeti. Lakini limepata gazeti kwa sababu mimi nilishindwa kujua kama linastahili. Sasa hiyo ni ushahidi, ama ni mimi najizungusha?"

Mwandishi analiandika swali hilo daftarini.

Lenah anafunga mkebe wa githeri bila kula. Aliyehojiwa hawezi kuwa mwamuzi, anajisemea, kisha anaandika kwenye simu: "Najitoa. Nthoki aamue." Nthoki ndiye yule aliyenusa wizi.

"Ni mkali, lakini husoma," anasema. "Natumaini atasoma. Tafadhali, mambo yangu usiyajaze. Nenda Majengo mwenyewe, uandike siku, saa na ulichothibitisha. Ukikosea hata dakika, ataitupa yote."

Mwandishi alikwenda. Tetemeko lilitokea Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi uliopita, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Mumina Hirad alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, akipatana bei ya sufuria na mteja. Mteja huyo, Triza Mulongo, ameliambia gazeti hili kwamba ardhi ilipotikisika na glasi kuvunjika wote wawili walikuwa nje, na hakuna aliyeigusa ile rafu.