Njaa Kabla ya Nusu Kaputi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa, nilikabidhiwa sufuria ya kuchemshia vifaa na kuonywa nisimsemeshe daktari. Miaka ya hamsini ndiyo kwanza inaanza. Nilipohamishiwa Mbeya nikapewa kazi ya kuandaa wagonjwa kwa nusu kaputi, yaani usingizi wa dawa, tuliouleta kwa kudondosha etha kwenye kitambaa puani. Sharti lilikuwa moja tu: tumbo liwe tupu, maana mgonjwa akitapika usingizini, matapishi huingia mapafuni. Nililieleza sharti hilo mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe.

Asubuhi moja aliletwa kichanga wa Kisafwa, amezaliwa njia ya haja kubwa imezibwa na ngozi. Tumbo limevimba, limekaza. Asipopasuliwa siku ile, anakufa. Nikamwambia mama yake asimnyonyeshe. Akaitikia vizuri kabisa. Nageuka kuchukua blanketi, narudi, mtoto yuko kwenye titi!

Mganga Mkuu, Mwingereza mwenye Kiswahili cha kuokoteza, aliwaka. "Sasa ngoja mpaka mchana. Yeye nyonya tena, mimi hapana pasua!" Alinikazia macho mimi, kana kwamba titi ni langu.

Nikamtoa mama nje, nikamkabidhi mtoto kwa bibi yake aliyekuja nao. Mtoto analia, mama analia, na mashangazi zake wamejaa dirishani.

"We nesi, una roho gani? Umeshazaa wewe?"

Sikuwa nimezaa, na waliniudhi kwelikweli. Mara kilio kikakoma. Kugeuka, bibi naye kamtia titi mdomoni! Nilipiga kelele wodi nzima ikasikia.

"Kelele za nini, mwanangu?" bibi akauliza. "Hili lilikauka zamani. Namnyamazisha tu."

Nikalikamua mwenyewe, kwa hasira. Halikutoa hata tone.

"Basi mwache hapohapo," nikasema.

Mchana Mganga Mkuu alikata ile ngozi, na choo cheusi kikamrukia kwenye aproni. Nilitoka mbio kuwaambia mashangazi. Wakapiga vigelegele, kisha wakauliza, "Sasa anyonye?"

"Bado, mpaka azinduke!"

Wakaanza kunitukana upya.

Sasa nimestaafu, naishi Mafinga. Watoto niliowanyima titi ili wapone ni wengi mno, na hakuna mama aliyewahi kunielewa. Lakini kilio cha njaa kilinikaa moyoni, sikivumilii tena. Mtoto wa jirani akilia, natoka na fimbo yangu hadi mlangoni kwao, namgombeza mama yake: "Mnyonyeshe! Unasubiri nini?"