Gari la Mti na Gari la Karatasi

Wiki iliyopita mjomba alinipitia shuleni Msalato akanirudisha nyumbani. Gari lake ni la Kijapani, lilishachakaa huko kwao kabla halijaletwa, kama magari mengi ya Dodoma siku hizi. Pale mbele kwenye dashibodi limebandikwa kitu cha kahawia chenye mistari kama ubao. Nikaweka kidole. Plastiki, ya moto kwa jua. Mjomba akauliza mbona nimenyamaza ghafla, nikamwambia nimechoka. Mimi ndivyo nilivyo, hata nikiwa na la kusema silisemi, naliandika baadaye. Basi nakuandikia wewe lile nililolinyamazia.

Nilipokuwa darasa la nne nilikaa Hombolo kwa bibi na babu. Kule hatukuamshwa na jogoo, tuliamshwa na magari mawili. La babu lilikohoa, likazima, likakohoa tena. La jirani, ng'ambo ya ua wa miiba, liliunguruma mara moja tu, halafu ukamsikia jirani anacheka kwa nguvu ili babu amsikie. Bibi, akikoroga uji wa uwele, alikuwa anasema, "Wazungu wameamka."

Wazungu wenyewe walikuwa wazee wawili wa Kigogo, madereva wastaafu. Babu alimwendesha daktari Mwingereza. Jirani alimwendesha Mmarekani mchimba visima. Wale mabwana waliporudi kwao kila mmoja alimwachia dereva wake gari kuukuu, na pamoja na gari akamwachia maneno yake. Mwingereza alikuwa akisema gari lisilo na mti ndani, ubao halisi, ni ndoo yenye magurudumu. Lilipomfia porini hakukasirika, alishuka, akanywa chai ya kwenye chupa, akafuta vumbi kwenye ubao wa dashibodi kwa kitambaa chake cha mfukoni. Mmarekani yeye alisema mti ni wa kupikia, gari ni la kufika. Alitaka liwe kubwa, kiti kikumeze kama godoro, na ukizungusha ufunguo liwake. Ule "mti" wa kwenye gari lake ulikuwa karatasi iliyochapwa mistari, na hakuona aibu yoyote.

Babu na jirani walibishana hayo miaka yote, kwa maneno yaleyale, wakimenya karanga.

Mimi nilipenda yote mawili, ndiyo siri yangu. Kila Jumapili kabla ya kanisa bibi alinipa kitambaa na mafuta ya alizeti nipake ubao wa gari la babu, maana ukame wa kwetu ulikuwa unaupasua. Ulikuwa na mishipa kama mkono wa mtu, na ukiupaka ulitoa harufu ambayo sijawahi kuikuta tena mahali popote. La jirani halikuwa na harufu. Lakini bibi aliposhikwa na kifua lilimfikisha hospitali mjini kabla babu hajamaliza kusafisha plagi.

Halafu shangazi, binti wa mwisho wa babu, akachumbiwa. Uchumba wake wa kwanza ulikuwa umevunjika kwa maneno maneno ya wakwe, na tulijua wote kwamba huu ukivunjika hatapata mwingine kijijini. Yeye hakujali apande gari gani kwenda kanisani. Alitaka ndoa ipite tu. Wazee ndio waliojali.

Siku ya kuamkia harusi walichinja ng'ombe uani. Damu ilikuwa imetapakaa, inzi wamejaa, mbwa wanapigwa mateke. Babu na jirani walikuwa wanachuna pamoja. Mshenga, mzee wa upande wa bwana harusi, alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Magari yote mawili yalikuwa yameoshwa, milango wazi yakauke.

Jirani ndiye aliyeanza. "Mwenzangu, kesho usituaibishe. Mtoto atafika kanisani anatoka jasho kama punda, kwa kusukuma."

"Bora asukume mti kuliko apelekwe ndani ya boksi la biskuti," babu akasema.

"Boksi, lakini linawaka."

"Mshenga, hebu njoo uone mti wa Kimarekani."

Babu alikuwa bado na kisu cha kuchunia. Akaingia kwenye gari la jirani, akapenyeza ncha chini ya ile karatasi, akaivuta taratibu kama alivyokuwa anavuta ngozi ya ng'ombe. Ikabanduka nzima. Akaiinua juu. "Mti gani huu unachunwa?"

Vijana wakacheka mpaka wakaacha nyama. Mshenga naye akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maini, na nilimwona jirani. Aliokota shoka la kuvunjia mifupa, akaenda kwenye gari la babu, akainama mlangoni, akapiga.

Ule ubao ulilia. Sina neno lingine. Akapiga tena na tena, vipande vikaruka mpaka miguuni kwangu.

Babu alimdaka miguu akamvuta nje, kidevu cha jirani kikagonga kizingiti cha mlango, akatema jino. Wakabingirika kwenye damu ya ng'ombe mpaka usijue ipi ya nani. Jirani akamng'ata babu kidole, nikasikia mfupa ukivunjika. Babu akapapasa chini ya kiti cha gari lake, akatoka na spana ya magurudumu, akampiga nayo begani, mkono wa jirani ukaning'inia kama si wake. Na kwa ule mkono mwingine jirani bado alikuwa ameshika shoka. Vijana waliogopa kusogea. Bibi alikuwa anapiga kelele, "Mnauana kwa ajili ya watu walioko kwao wanakunywa chai."

Shangazi akatoka ndani mbio, nywele zimesukwa nusu, akajitia katikati. Mpini wa shoka au spana, kimojawapo kilimpata jichoni. Akapiga magoti. Hakulia. Hapo wakaacha.

Mshenga akaweka kikombe chini, akasimama. "Nyumba ya namna hii hatuoi. Ng'ombe zetu za mahari tutazifuata."

Shangazi akainuka, damu zinamtiririka hadi kwenye kitenge. "Kaa, mzee wangu. Chai yako haijaisha. Jicho ni langu, na sijamshtaki mtu." Akawageukia wale wawili. "Aliyenipiga nimemwona. Sitamtaja leo, sitamtaja kesho. Na gari sipandi, la yeyote."

Mshenga akaokota kikombe chake. Kisha akakaa.

Kesho yake shangazi alikwenda kanisani kwenye trela la trekta la kubebea zabibu, amevaa shela, jicho limefunga kabisa. Aliwaamuru wazee wote wawili wakae naye, huyu kulia, yule kushoto. Babu mkono umefungwa tambara, jirani mkono umening'inizwa shingoni, midomo imevimba. Wanawake waliimba njia nzima. Wale wawili hawakutazamana.

Hawakusalimiana tena. Kabla ya mvua jirani alihamia Mtera kwa mwanawe, na gari lake likakatwa likauzwa chuma chakavu. La babu walikuja watu wakanunua injini tu. Vipande vya ubao bibi alivipikia uji, viliwaka vizuri.

Nikienda Hombolo sasa, magari na bodaboda zimejaa, na zote zinawaka mara moja. Babu bado anaamka mapema, anakaa nje ameelekea ule ua wa miiba, na upande wa pili kumelimwa alizeti. Hakuna anayemcheka. Hajui la kufanya na asubuhi.

Shangazi ana watoto sasa, anaishi mjini. Kwenye picha zake zote za harusi ametazama upande mmoja. Desemba nilikuwa namsaidia kuosha vyombo, nikajikaza, nikamuuliza ni nani. Aliendelea kusugua sufuria.

"Ukishajua," akasema, "utamwamkiaje?"

Sikukuu ilipofika nilikwenda kwa babu. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaninyooshea mkono wenye kidole kilichopinda, nami nikaushika.