Wadudu Waliolala

Siku yangu ya kwanza kazini, kliniki moja kule Mesquite, sindano ya kwanza niliidondosha hata kabla sijamgusa mgonjwa. Nilitoka kubeba maboksi warehouse, cheti cha kuchukua damu nimekipata kwa masomo ya jioni. Nesi msimamizi, Mkenya, akaniambia nikae mimi kwanza, mgonjwa atasubiri. Halafu akanipa sheria ambayo nyinyi mnaoanza kazi hii leo naomba muishike.

"Mama, mgonjwa wa hapa ukikutana naye nje, humjui. Mpaka yeye akujue kwanza."

Wagonjwa wetu walikuwa watu wenye virusi vya Ukimwi. Tulipima wingi wa virusi kwenye damu, na anayemeza dawa vizuri jibu lilikuja kwamba havionekani. Nikadhani ndiyo basi, vimeisha.

Macho yalifunguka Houston, nilipohamia kitengo cha utafiti, mimi na binti yangu tukapanga nyumba Missouri City, pembeni mwa Houston hiyohiyo. Pale mgonjwa anaunganishwa na mashine inayochuja chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, damu iliyobaki inamrudia. Daktari mkuu wa maabara alituita sisi wachukua damu atuonyeshe kinachotafutwa. Kirusi kinajipachika ndani kabisa ya chembe, kwenye maelekezo yake ya urithi, na chembe nyingine zinalala nacho miaka. Dawa inazuia virusi visiingie chembe mpya, lakini mdudu aliyelala hatengenezi kitu, kwa hiyo dawa haina cha kumzuia. Ukiacha kumeza, wachache wakaamka, ugonjwa unaanza upya.

"Kipimo kinaona wanaotembea," alisema. "Waliolala hakiwaoni."

Sasa, kulikuwa na mgonjwa wetu mmoja, Mkongo, nitamwita Mama Furaha. Haya naandika kwa ruhusa yake. Tulisali kanisa moja, na kanisani hatukuwahi kuzidisha salamu.

Jumapili moja ya shukrani akasimama kutoa ushuhuda. Ugonjwa hakuutaja. Alisema vipimo vimetoka safi, Bwana amemaliza kazi, na leo dawa anaziacha madhabahuni, hamezi tena. Chupa alikuwa nayo mkononi, lebo ameibandua. Vigelegele kanisa zima. Mchungaji akanyoosha mkono apokee.

Nikisema ninachokijua, nimemvua nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, anaenda nyumbani kuwaamsha wale wadudu, na ana watoto.

Nikaomba na mimi nishuhudie. Nikapita mbele, nikafungua pochi, nikatoa vidonge vyangu vya presha. Nikawaambia vipimo vyangu navyo ni vizuri, utukufu kwa Mungu, lakini presha haijaondoka, imelala tu, na Mungu huyohuyo ndiye aliyenipa cha kuilaza.

"Mchungaji, niombee hizi dawa, halafu unirudishie. Jioni nameza."

Binti yangu kiti cha mbele akaninong'oneza, "Mom, please, sit down."

Mchungaji akacheka kidogo. "Mama, wewe unabishana hadi madhabahuni." Lakini akaviombea, akanirudishia, kisha akamgeukia Mama Furaha, mkono bado uko wazi. Mama Furaha akaniangalia usoni. Akaisogeza chupa iombewe, ila vidole havikuiachia. Alirudi nayo kwenye kiti chake.

Mwaka huu mgongo umekataa, nimeacha kazi kabla ya wenzangu. Watu wananiuliza maombi na maabara vilikaaje ndani ya mtu mmoja. Vilikaa. Kila mgonjwa nilimwombea kimoyomoyo, halafu nikatafuta mshipa.

Siku ya mwisho Mama Furaha alikuwa kwenye orodha yangu. Akakunja mkono wa gauni, akauliza lile swali lake la kila safari tangu daktari amweleze utafiti wetu.

"Mama, wadudu wangali wamelala?"

"Daktari anasema bado wamelala."

"Basi tuwaache walale."

Nilipotoka na maboksi yangu alikuwa kule parking na wenzake wa kanisani waliokuja kumchukua kwa gari. Nikapita nimeinamisha macho, kama nilivyofundishwa. Akaniita kwa jina, kwa sauti, mbele yao wote, akaja kunipokea boksi.

"Huyu ndiye anayenichukuaga damu," akawaambia.