Skuta ya mkono mmoja

Mke wangu alikufa maji mwezi uliopita, hapa mto Tana. Mtumbwi ulipinduka. Tulimpata siku ya tatu.

Leo kikundi chetu cha kuokoa watu kimeletewa skuta mbili za chini ya maji, tuchague moja. Ni mashine ina panga kama feni, inamvuta mzamiaji.

Wenzangu wote walitaka kubwa. Ina mbio, ina taa.

Mimi nikasema ndogo.

"Hii si kupakia mchanga kama kibarua chako, baba Maro," mmoja akasema. Wakacheka.

Nikamuuliza aliyezileta, hiyo kubwa inashikwa kwa mikono mingapi?

"Miwili, kaka."

Na ndogo?

"Mmoja tu."

Nikawaambia, maji yetu ni tope. Taa haisaidii. Hapa mtu anatafutwa kwa kupapasa, na ukienda mbio utampita. Mama Maro nilimpata kwa mkono huu. Nilishika leso yake.

Tukachukua ndogo.

Nyinyi mngechukua ipi? Semeni.

Sijafanya kibarua tangu tumzike. Kesho narudi kazini.