Mama Yangu wa Kwenye Fomu

Mama yangu wa kwenye fomu ni mkulima wa kabichi na karoti kwenye miteremko ya Uluguru, Mkatoliki wa kupindukia, na hajawahi kunizaa. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angeanza nalo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mwislamu kutoka Lindi. Nilipopangiwa kituo huku milimani nilikuja na godoro, begi moja na hasira juu ya mtu aliyenipangia. Bibi huyu alikuwa na chumba cha kupangisha. Mwezi wa kwanza alinipa chumba, wa pili akaanza kunipa chakula, wa tatu akaanza kunifokea, na hapo nikajua nimeshakuwa mtu wa pale nyumbani.

Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo kwenye kadi yangu ya bima ya watumishi nafasi ya mama ilikuwa wazi, na hapohapo nyumbani nilikuwa na mama asiye na kadi, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Mganga wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, yanatibika, ila huko mjini, na kwa fedha mkononi au kwa kadi.

Bima ya kaya ya wakulima ipo. Inalipwa yote kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, kwa watu sita. Hela ya kabichi haina tabia hiyo. Leo inakuja ya ndoo mbili, wiki ijayo ya gunia, wiki inayofuata mvua inasomba njia na kabichi zinaozea shambani. Mwaka mmoja aliojaliwa kulipa, alianza kuandikisha wajukuu, na nafasi zikaisha kabla hajafika kwake.

Basi nikaenda mahakama ya mwanzo, nikainua mkono, nikaapa kwamba mama yangu ana majina mawili, la Kiislamu la kwenye cheti changu cha kuzaliwa na la Kikristo la kwenye kitambulisho chake, na kwamba ni mtu mmoja. Karani aliniangalia, akaliangalia lile jina la mtakatifu, akagonga muhuri. Sijivunii. Ila nikisema najuta nitakuwa nimeongeza uongo wa pili.

Nilipomweleza, bibi aliuliza: "Umesema mimi ndiye mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kesho alfajiri ukachote maji."

Kadi ikatoka. Hospitali ikatupa tarehe: jicho la kulia kwanza, la kushoto miezi mitatu baadaye. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya jicho la kwanza nilipoletewa barua kutoka halmashauri. Baraza la Madiwani lilikuwa linawaenzi watumishi wa umma na walimu hodari, na mimi nilikuwa mmojawapo, kwa sababu ya uadilifu na kufuata taratibu. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu nikitafuta mzaha. Chini yake waliandika: mtumishi afike na mwenza au mzazi.

Mwenza sikuwa naye. Nilitaka kwenda peke yangu, lakini bibi alikwisha kutoa kitenge chake cha Pasaka sandukuni. Njiani kushuka mjini nilimsihi, akiulizwa lolote asiseme mengi.

"Mimi sisemi uongo," alinijibu.

"Sijasema useme uongo. Nimesema useme kidogo."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Tulienziwa watano: muuguzi aliyezalisha nusu ya tarafa, dereva wa gari la wagonjwa, afisa ugani kutoka upande wa Turiani, mwalimu mmoja mstaafu, na mimi. Madiwani waligonga meza kwa kila jina. Halafu diwani wa kata yetu, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, akasimama na hoja yake. Alisema ni aibu kumpongeza muuguzi asubuhi na mchana kumrudisha mgonjwa wake dirishani kwa kukosa malipo. Alitaka wakulima waruhusiwe kulipia bima kidogo kidogo kila wanapouza, na kaya zenye watu zaidi ya sita zisilazimishwe kuchagua nani augue. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma, maana alikuwa anaisema nyumba yetu. Hoja ilipita kwa sauti moja. Baraza likaazimia kwamba serikali ishauriwe.

"Ishauriwe ndiyo nini?" bibi alininong'oneza.

"Ni kama wewe unavyonishauri nioe."

Akaguna. Alielewa kabisa.

Ilipofika zamu yangu, mshereheshaji, kijana wa suti inayong'aa, hakuridhika kunipa cheti na kuniacha nikae. Alimsogezea bibi kipaza sauti. "Mama mzazi! Hebu tuambie, huyu mwanao utotoni alikuwaje?"

Nilimuona anavuta pumzi. Nikajua nimekwisha.

"Utoto wake siujui," alisema. "Alikuja kwangu ana ndevu."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Walidhani ni utani wa wazee. Bibi, kwa kuwa alikuwa haoni nyuso vizuri, alisikia vicheko tu, navyo vikampa moyo.

"Alikuwa hajui kupanda kilima. Alikuwa hajui kula magimbi. Nimemfundisha mimi. Sasa ni mtoto mzuri, isipokuwa kufagia."

Waligonga meza tena. Diwani wetu, anayemjua bibi tangu zamani na anayejua fika hana mtoto wa Lindi, alicheka huku akinitazama, kisha akaiinamia karatasi yake. Bibi ni mpiga kura wake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa afisa wa bima, dada mwenye miwani, aliyealikwa kujibu maswali ya madiwani. Wakati wa chai alinifuata kwenye meza ya vitafunwa.

"Hongera, mwalimu. Mama anasema ulikuja kwake na ndevu."

"Ndiyo, dada."

"Kwenye mfumo wangu kuna kiapo kinachosema alikuzaa."

Niliirudisha sambusa kwenye sahani. Niliogopa kazi yangu, na zaidi niliogopa lile jicho. Nikamwambia ukweli wote palepale, kabichi, wajukuu, tarehe ya hospitali, kila kitu. Alinisikiliza huku anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Ningeweza kukuharibia maisha leo," alisema. "Sitaki. Utaandika barua mwenyewe, uombe aondolewe kwenye orodha ya wategemezi wako. Na uipitishe kwa taratibu. Si umepewa cheti cha taratibu?"

Hapo lazima niwaeleze wasioujua utumishi wa umma. Barua ya mtumishi haiendi inakokwenda. Inapitia. Juu yake unaandika K.K., yaani kupitia kwa, halafu unawapanga wakubwa wote walioko kati yako na unayemwandikia, kila mmoja na saini yake, muhuri wake na safari zake. Barua yangu ya kupanda daraja iliwahi kukaa ofisi moja mpaka mimi mwenyewe nikasahau nilichoomba. Nimewahi kulia kwa ajili ya K.K. Nimewahi kutukana, mlango ukiwa umefungwa.

Siku ile nilirudi milimani, nikaandika barua safi kuliko zote nilizowahi kuandika, nikaipamba na K.K. nne, hata za watu ambao hawakuwa na ulazima.

Mwalimu mkuu alikaa nayo wiki nzima kwa sababu kidau cha wino kilikauka. Sikumkumbusha. Mratibu wa elimu wa kata alikuwa semina Gairo. Nikamtakia semina njema. Aliporudi, kwa bahati mbaya alirudi na moyo wa kazi.

"Mwalimu, kesho nashuka mjini, niipeleke mwenyewe mkononi?"

"Hapana, mkuu!" Nilipaza sauti mpaka akashtuka. "Haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Tukiiruka hatua, itarudishwa."

Alinitazama kwa heshima. Alisema sasa anaelewa kwa nini madiwani walinichagua.

Tarehe ilifika barua ikiwa bado kwenye trei ya ofisi ya tatu. Bibi akafanyiwa jicho la kulia. Kesho yake walipomfungua bandeji nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, nikiwa na hofu ya kijinga kwamba hatanipenda akiniona. Alinitazama muda mrefu.

"Una mvi," alisema. "Na shati hili si jeupe. Miaka yote unaniambia jeupe."

Alivyofika nyumbani ndiyo balaa. Aliona utando wa buibui. Aliona masufuria niliyokuwa naosha mimi. Alisimama katikati ya jiko akishika sahani moja kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kwa upole mkubwa kama hii ndiyo aliyokuwa analia ugali. Nilifagia wiki nzima. Lakini jioni alikuwa anatoa kigoda nje, anafumba jicho la kushoto kwa kiganja na kuhesabu nyumba za mlima wa pili, na mimi nilifurahi kiasi cha kutaka kucheka peke yangu.

Akabaki na la kushoto. Nilikuwa nategemea trei ya nne iwe mvivu kama wenzake. Haikuwa. Ofisi hiyo ilikuwa imeletewa kompyuta mpya, na karani aliyeipata barua yangu alitaka kuijaribu. Kwenye kisanduku cha sababu ya kumwondoa mtegemezi, mfumo una machaguo matatu tu: amevuka umri, ametalikiwa, amefariki. Karani alifikiri. Mama hatalikiwi na mwanawe, wala havuki umri. Akabonyeza lililobaki.

Taarifa ikasambaa kwenye simu za watumishi. Mimi sikujua. Upande wetu wa kilima simu hazishiki mtandao. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kifua wazi nafua nguo, bibi anachambua maharage, naye ndiye aliyewaona kwanza kwa lile jicho lake jipya.

"Kuna watu wanapanda. Wanawake wamejifunga kanga. Kuna gunia la mchele. Msiba uko kwa nani?"

"Sijui."

"Weka maji jikoni. Watafika hapa wamechoka."

Nikaweka maji. Wakafika. Mbele alikuwa diwani anatweta, nyuma yake katibu wa mfuko wa kufa na kuzikana wa watumishi, na walimu kama kumi wa shule za bondeni. Kabla sijavaa shati, mwalimu mmoja wa kike alinikumbatia akaangua kilio. "Pole, mwalimu, pole, kazi ya Mungu haina makosa!" Nilimshika tu, mikono imejaa povu la sabuni. Diwani alikuwa ananipa mkono wa pole bibi alipotoka jikoni na chupa ya chai.

Diwani alirudi nyuma hatua mbili. "Mama... si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Mfumo."

Kilio kikakatika. Katibu alitoa karatasi mfukoni, akaisoma, akamtazama bibi, akaisoma tena. Nilisimama pale na kifua changu wazi, nikaeleza yote, kiapo, barua, K.K. nne. Nilitegemea watanirukia. Mwalimu aliyekuwa analia ndiye alianza kucheka, akifuta machozi yaleyale, wengine wakafuata. Katibu hakucheka. Alikuwa ameshika bahasha na hajui aifanyeje.

"Rambirambi hairudishwi," alisema kwa huzuni. "Ni mkosi. Tumpe nani sasa?"

"Marehemu si mimi?" Bibi alinyoosha mkono. "Nipe."

Akapewa. Hakuifungua. Aliwamiminia watu wote chai, akaketi kwenye kigoda chake, akamgeukia diwani.

"Mwanangu, lile la kulipa kidogo kidogo limefika wapi?"

"Limepelekwa juu, mama. Linafanyiwa kazi."

"Sawa." Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliuma. "Mimi nimekaa miaka sioni. Jirani zangu wanajua, zahanati inajua, wewe ulinipita njiani nikakusalimia kwa sauti kwa sababu sura yako sikuiona. Hakuna aliyepanda. Nimekufa wiki moja tu, mmepanda wote, na bahasha, na mchele. Hivi mngeambiwa ni jicho, mngekuja?"

Diwani aliweka kikombe chini polepole. Hata mimi niliangalia pembeni, kwa sababu nilikumbuka mazishi niliyochangia mwaka ule, na sikuweza kukumbuka mgonjwa hata mmoja.

Walikula, wakaosha vyombo, bibi akavikagua kimoja kimoja. Wakashuka.

Jumatatu ya tarehe ya jicho la kushoto tuliteremka mjini asubuhi. Kadi haikuwa na kazi tena, kwa hiyo tulipanga foleni kwenye dirisha la fedha taslimu. Dada wa dirishani aliandika namba ya bibi, akasoma kioo cha kompyuta yake, akainua uso, akainamia kioo tena.

"Samahani, bibi. Hapa inaonesha umefariki."

"Ndiyo," bibi alisema, na kupitisha bahasha chini ya kioo. "Hii ni rambirambi yangu. Nikatie risiti."