Kilichobaki Kwenye D

Siku ofisi yetu ilipofungwa, bosi alitukusanya asubuhi chini ya turubai, akatugawia soda za vuguvugu, kisha akatangaza kwa bashasha kwamba kompyuta zote zimeuzwa mjini Mbarara na ziko safi kabisa. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa mkalimani wa ofisi ile tangu ilipofunguliwa, nilijua kilichokuwa ndani ya mashine zile, na bosi nilimjua vizuri zaidi. Mtu anayemwita fundi kila sauti ya kompyuta inapokatika, kumbe kaizima mwenyewe, hawezi kunihakikishia usafi wa kitu chochote.

Kazi yetu hapa kambini Nakivale ilikuwa kuwasikiliza wakimbizi. Mtu anaingia, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anaeleza kilichomtoa Kongo, mimi nafasiri, kinasa sauti kinanasa, halafu sauti inahifadhiwa kwenye kompyuta. Ukutani palikuwa na bango kubwa: Siri yako iko salama hapa. Walilibandika kwenye ukuta wa mbao unaopakana na jiko, na wapishi walisikia kila neno. Nilipomwambia bosi, alijibu kwamba wapishi hawajui Kifaransa. Hakuna aliyewahi kusema Kifaransa mle ndani.

Kati ya sauti hizo ilikuwemo ya jirani yangu, mama wa Kivu Kusini kama mimi, ambaye shamba lake linapakana na langu. Mimi nikifasiri, alimtaja mwanaume mmoja kwa jina na kwa kijiji, akaeleza alichomfanyia yeye na marehemu mumewe njiani. Baadaye mwanaume huyo naye akaja hapa kuwa mkimbizi. Sasa ni bwana mpole, anapiga gitaa kanisani, na ana kibanda cha kuchaji simu na kuwawekea watu sinema kwenye flashi. Kompyuta zake zote hununua kuukuu, Mbarara. Jirani yangu hupita mbele ya kibanda hicho akienda kuteka maji, na mwanaume hamkumbuki. Uhai wa jirani yangu ulikuwa umeegemea hapo, kwenye kusahauliwa. Ofisi yetu ilikuwa imeshamjibu kwamba maelezo yake hayatoshi kumsaidia. Kumuua yangetosha kabisa.

Nikamfuata bosi na soda yangu mkononi, nikamuuliza hizo kompyuta zimesafishwa vipi.

"Fundi alipiga windows mpya kwa kila computer," akasema. "Hakuna kitu imebaki. Wewe mama unaogopa-ogopa sana."

Nilitamani kummwagia ile soda. Huku kwetu flashi huzunguka mikono mingi, kila moja imejaa virusi, kwa hiyo kompyuta hupigwa windows upya kila mara. Ndiyo maana mafundi huigawa diski sehemu mbili. Sehemu ya C ni ya mashine. Hiyo ndiyo fundi huifuta na kuijaza upya. Sehemu ya D ni ya mtu, na fundi haigusi. Hata mwenye kibanda cha kupiga chapa barua atakwambia: kitu unachokipenda, weka D. Na ni bosi mwenyewe aliyetuamuru, kwa ukali na mbele ya watu, tuweke sauti zote D ili fundi asije akazipoteza. Sasa amefuta mahali pasipokuwa na kitu, ameacha mahali alipopajaza kwa amri yake, halafu anatunywesha soda kusherehekea.

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanangu. Akanipigapiga begani, akasema mashine si zetu tena, tuwaachie wenyewe waliozinunua. Macho yake yalikuwa tayari kwenye gari lake. Nimewahi kuwaonea huruma watu wajinga, lakini mjinga aliyepewa ofisi, gari na siri za watu, simwonei.

Nilimkuta jirani yangu akipalilia maharage, nikamwambia yote bila kuzungusha maneno. Alikaa chini palepale kwenye udongo.

"Kama ile mashine inafika kwake, anasikia sauti yangu," akasema. "Batoto yangu banapitaka pale kila siku, dada. Kila siku."

"Tutaenda Mbarara kesho asubuhi."

"Hapana kesho. Twende sasa."

Tukaenda vivyo hivyo, yeye na udongo wake miguuni.

Duka lililozinunua, ambalo dereva aliyezipeleka alituelekeza, lilikuwa kwenye mtaa mmoja chini ya kilima cha Kamukuzi, na mwenyewe ni mfanyabiashara Mwislamu mwenye ndevu za hina, ambaye kila mtu pale humwita Haji. Kompyuta za ofisi yetu zilikuwa bado zimepangwa sakafuni. Niliitambua ya chumba chetu kwa alama ya kikombe cha chai cha bosi, aliyekuwa akiutumia mgongo wa mashine kama meza.

"Karibu nyabo, karibu mama," akasema Haji. "Hizi ziko safi. Watu ya office waliniambia."

Nikamwomba aiwashe na kufungua D. Sauti zilikuwa zote pale, zimepangwa kwa tarehe, hakuna hata moja iliyokosekana. Jirani yangu alitaka kuhakikisha kwamba yake imo, nikaifungua. Kwanza ikatoka sauti ya bosi, aliyekuwa ameingia chumbani bila kubisha, akiuliza nani anatoka kwenda kununua chapati, na yake iwe na mayai. Halafu ikaanza sauti ya jirani yangu.

"Funga," akasema. Nikafunga.

Haji alikuwa ameacha kuchambua nyaya zake. "Eh! Hii ni mambo ya watu. Wanauza mambo ya watu?" Akavuta kibodi ili azifute palepale.

Nikamzuia. Akasema basi tutafomati. Nikakataa tena. Niliwahi kupoteza picha za mazishi ya dada yangu, flashi ilifomatiwa kwa bahati mbaya, na fundi wa mji huuhuu akazirudisha zote, hata ile niliyofumba macho. Siku ile nilimshukuru Mungu. Lakini hapo ndipo nilipojifunza kwamba kufuta kwa namna hiyo ni kubandua jina mlangoni tu, mwenye nyumba bado yumo. Ili sauti iondoke kweli, lazima diski yote, C na D, iandikwe upuuzi juu yake, kila mahali, mpaka kusibaki chini yake kitu cha kufukua. Kuna programu za kazi hiyo. Fundi wa Haji alikuwa nayo, ila akalalamika kwamba itakula mchana wote.

"Acha ikule," Haji akamwambia. "Hii ni amana. Mtu hauzi amana. Fanya kwa zote." Akaenda zake kuswali adhuhuri.

Tulikaa kwenye benchi tukiitazama mistari ya ile programu ikijaa polepole kwenye vioo vya kompyuta. Muda wote huo nilimtukana bosi, elimu yake, gari lake, chapati zake. Nilifurahia sana. Jirani yangu alikuwa akibandua udongo uliomkaukia miguuni. Kazi ilipokwisha, jua likiwa limeshalegea, nikamwambia fundi ajaribu kuzirudisha zile sauti kwa programu aliyokuwa nayo. Hakupata hata moja.

"Na kule kwa bakubwa ya Kampala?" jirani yangu akauliza.

Nikamwambia huko zilitakiwa kupelekwa, ila bosi hakuwahi kuzipeleka. Kwa mara ya kwanza niliushukuru uvivu wake.

"Basi haiko tena fasi yoyote."

"Hakuna mahali popote tena."

Akanitazama, si kwa ubaya.

"Iko kwako, dada," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwenye taksi ya kurudi, basi dogo la abiria, kiti cha kando yangu kilikuwa wazi, naye akapita akaenda kukaa nyuma kabisa.

Tangu hapo amepanda mstari wa mihogo, kama ua, kati ya shamba lake na langu. Tukikutana hunisalimu kwa heshima zote na kuniulizia wanangu, kisha anaharakisha. Inaniuma, na sina la kumlaumu. Juzi nilimwona akienda kuteka maji. Mbele ya kibanda cha yule mwanaume alipita kichwa juu, akamwitikia hata salamu. Alipofika penye nyumba yangu akainamisha macho.